Huruma Inayoanza na Ndoana

Mwaka 2009, katika bwawa la wavuvi karibu na mji wa Peterborough, Uingereza, samaki mmoja alikufa na magazeti yakamwandikia taazia. Aliitwa Benson. Alikuwa samaki wa aina ya karpu mwenye uzito wa karibu kilo 30, lakini umaarufu wake haukutokana na ukubwa peke yake. Katika maisha yake alikuwa amenaswa kwa ndoana zaidi ya mara 60. Kila mara alivutwa, akainuliwa, akapimwa, akapigwa picha akiwa amekumbatiwa na mtu anayetabasamu, kisha akarudishwa majini. Alipokufa, watu wazima na akili zao walisikitika kwelikweli. Walimpenda.

Neno hilo, walimpenda, limenikaa kichwani kwa muda mrefu, na sidhani kwamba walikuwa wakidanganya. Mtu hampi jina kitu asichokijali. Lakini jaribu kumsimulia habari hii mvuvi wa Shimoni au wa Kunduchi. Mwambie kuna watu wanaolipa fedha, wanakaa kutwa nzima kando ya maji, wanamnasa samaki wa kilo 30, na halafu, mbele ya macho yao wenyewe, wanamwachia aende zake. Atakusikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kisha atakuuliza: "Sasa mwanangu, walikuwa wanatafuta nini?"

Nadhani swali hilo lina falsafa nyingi kuliko linavyoonekana. Basi tulichukue kama lilivyo.

Kuvua na kuachia ni desturi yenye hoja yake, na hoja yenyewe si ya kijinga. Huko Marekani, mvuvi na mwandishi Lee Wulff aliitetea tangu mwaka 1939. Alisema, kwa ufupi, kwamba samaki anayempa mtu raha ya kupambana naye ana thamani kubwa mno kuvuliwa mara moja tu na kuishia hapo. Hesabu yake ni rahisi: mito ni ileile, watu wanaongezeka, na kila mmoja akienda nyumbani na kapu lililojaa, baada ya miaka michache hakuna mto wenye samaki. Mrudishe, na mwenzako atampata kesho. Leo wazo hilo limekuwa adabu ya kawaida kwa mamilioni ya watu. Katika mabwawa mengi ya Uingereza kama lile la Benson, kumuua samaki mkubwa ni aibu, na ungefukuzwa bwawani.

Na si mambo ya Ulaya tu. Ukifika Watamu au Malindi utaona boti za wavuvi wa burudani zimefunga fimbo zao ndefu, tayari kwenda kumtafuta sulisuli, yule samaki mwenye pua kama upanga. Pwani ile imewavuta watu wa aina hiyo kwa miaka mingi. Ernest Hemingway mwenyewe alivua huko mwaka 1934, baada ya safari yake ya kuwinda wanyama bara. Zamani samaki wale waliletwa ufukweni, wakatundikwa kwa mkia kwenye mti, wakapigwa picha. Siku hizi wengi huvutwa hadi ubavuni mwa boti, wakachomekwa kijialama chenye namba mgongoni, wakaachiwa. Pale Watamu kuna taasisi, African Billfish Foundation, ambayo imekuwa ikikusanya taarifa za samaki waliotiwa alama. Kwa njia hiyo tumejua kwamba sulisuli si wa Watamu wala wa Malindi, ni msafiri wa bahari nzima ya Hindi. Hiyo ni elimu, na haikupatikana kwa samaki aliyetundikwa.

Kwa hiyo kabla ya kumlaumu mtu, tukubali jambo moja. Kwa samaki ambaye tayari yuko kwenye ndoana, mara nyingi ni bora aachiwe kuliko auawe kwa ajili ya picha. Mpaka hapo hakuna ubishi. Ubishi unaanza tukirudi nyuma hatua moja na kuuliza alifikaje kwenye ndoana.

Tuanze na mwili wenyewe, maana watu wengi hudhani samaki aliyeachiwa akapiga mkia na kupotea chini amepona. Samaki anayepambana na mshipi anatumia nguvu zake zote, misuli inajaa tindikali, damu inabadilika. Akitolewa nje, matamvua yake, ambayo majini yametandazika kama kurasa za kitabu, yanashikana na hayawezi kuvuta hewa. Yaani ni kama mtu aliyetoka kukimbia mbio ndefu halafu ukamziba pua na mdomo. Watafiti wawili, Ferguson na Tufts, walilipima jambo hili mwaka 1992 kwa samaki aina ya trauti. Waliochoshwa tu bila kutolewa majini, asilimia 12 walikufa ndani ya saa 12. Waliochoshwa kisha wakawekwa nje ya maji kwa sekunde 30, walikufa asilimia 38. Waliowekwa nje kwa dakika nzima, walikufa asilimia 72.

Dakika nzima. Huo ndio muda wa kutafuta simu mfukoni, kumwambia rafiki asogee kidogo kushoto, na kupiga picha tatu ili uchague moja.

Kuna mengine. Mikono mikavu na nyavu ngumu huondoa ute unaomkinga samaki na maradhi. Ndoana iliyomezwa hadi tumboni si sawa na iliyoshika pembe ya mdomo. Chewa au changu anayevutwa haraka kutoka kwenye maji marefu, kibofu chake cha hewa hufutuka kwa sababu mgandamizo umepungua, macho yanatokeza, na hata ukimwachia anaelea juu tumbo wazi akisubiri ndege au papa. Mwaka 2005, Bartholomew na Bohnsack walipitia makadirio 274 ya vifo vya samaki walioachiwa na kupata wastani wa asilimia 18. Wastani huo unaficha tofauti kubwa sana. Mahali pengine hufa wachache mno, mahali pengine hufa wengi kuliko wanaopona. Inategemea aina ya samaki, joto la maji, kina, ndoana, na mikono ya mtu.

Sasa, mtetezi wa desturi hii atasema: sawa, basi tufanye vizuri zaidi. Tutumie ndoana za duara ambazo hazimezwi. Tuondoe ule mwiba wa pembeni unaozuia ndoana isichomoke. Tusimtoe samaki majini. Na kweli, mambo haya yanasaidia sana. Katika sehemu ya mto Yellowstone, Marekani, ambako kila trauti lazima aachiwe, utafiti uliochapishwa mwaka 1986 ulionyesha kwamba kwa kila mara samaki anaponaswa, uwezekano wa kufa ulikuwa chini ya asilimia moja. Ushindi, si ndiyo? Lakini utafiti huohuo ulikuwa na namba nyingine, nayo ndiyo iliyonifanya niketi chini kuandika. Samaki mmoja katika sehemu ile alikuwa akinaswa, kwa wastani, mara 9.7 katika msimu mmoja.

Tafakari hapo. Kadiri tunavyokuwa hodari wa kumwachia akiwa hai, ndivyo tunavyoweza kumnasa tena. Anayeuawa anateseka mara moja, kisha mateso yake yanakwisha. Anayeachiwa vizuri anabaki kuwa wa kuteswa, kama mpira unaorudishwa uwanjani. Swali la vifo, ambalo ndilo tunalopenda kulijadili kwa sababu lina takwimu, linaweza kujibiwa kabisa, na bado swali la maadili likawa limesimama palepale.

Bila shaka yote haya yanategemea kama samaki anaumia. Na hapa wataalamu hawakubaliani. Mwaka 2002, James Rose wa Chuo Kikuu cha Wyoming aliandika kwamba samaki hana ile sehemu ya juu ya ubongo ambayo kwa binadamu ndiyo inayofanya maumivu yahisiwe. Kwa hiyo, alisema, anayoyafanya akiwa kwenye ndoana ni mwitikio wa mwili tu, hakuna mwenye nyumba ndani. Mwaka uliofuata, Lynne Sneddon na wenzake huko Scotland walichapisha majaribio yao. Waliwadunga trauti sumu ya nyuki au asidi ya siki kwenye midomo. Samaki wale waliacha kula kwa saa kadhaa, wakayumba huku na huku chini ya tangi, na wale waliodungwa asidi wakawa wanasugua midomo yao kwenye changarawe. Walipopewa mofini, dawa ileile tunayopewa sisi hospitalini, vitendo hivyo vilipungua. Victoria Braithwaite, aliyeshiriki katika kazi hiyo, aliandika kitabu kizima juu ya suala hili mwaka 2010.

Mimi si mtaalamu wa ubongo, lakini hoja ya Rose inanitatiza kwa sababu moja. Ndege nao hawana ubongo uliopangwa kama wetu, na sijaona mtu anayesema kuku akivunjwa mguu haumii. Maumbile yanaweza kufika mahali pamoja kwa njia mbili. Na hata ukibaki na shaka, shaka yenyewe ina maadili yake. Ukiona kitu kinatikisika ndani ya gunia na hujui kama ni paka au ni upepo, hulipigi gunia teke kwa sababu hujathibitisha kwamba ni paka.

Kila nchi imejibu kwa namna yake, na majibu yamepishana ajabu. Huko Wales, tangu mwaka 2020, ukimnasa samoni kwa fimbo ni lazima umwachie, maana wamepungua mno. Uswisi, kanuni za kulinda wanyama zilizoanza kutumika mwaka 2008 zinakataza kuvua kwa nia ya kuachia. Ujerumani, sheria ya ulinzi wa wanyama inadai uwe na sababu ya maana ya kumtia mnyama maumivu. Kula ni sababu. Kucheza si sababu. Kwa hiyo mtu mmoja, na fimbo moja, na samaki mmoja, upande huu wa mpaka anavunja sheria asipomwachia, na upande ule anavunja sheria akipanga kumwachia.

Wengi hucheka wakisikia hivyo, wanaona ni Wazungu wamechanganyikiwa. Mimi naona sheria hizi mbili zinajibu maswali mawili tofauti. Wales inauliza: samaki wamebaki wangapi? Uswisi inauliza: huyu mmoja, unamfanyia nini na kwa nini? La kwanza ni swali la jamii ya samaki. La pili ni swali la samaki. Tatizo la mjadala wetu ni kwamba mtu akiulizwa la pili, hujibu la kwanza.

Kwetu, nadhani tumezoea kutouliza lolote kati ya hayo. Pwani, ng'ombe na mbuzi na kuku wana taratibu zao. Kisu kiwe kikali, mnyama asionyeshwe kisu, achinjwe kwa jina la Mungu. Samaki hachinjwi. Anatoka baharini akiwa halali tayari, na labda kwa sababu hiyo hatujifunzi tangu utotoni kuwa mpole naye. Mtoto akitesa paka atakemewa. Akimchezea samaki anayetapatapa mchangani, watu wanapita. Hata hivyo, katika mafundisho hayohayo ya Kiislamu kuna katazo la kukifanya kiumbe hai kuwa shabaha ya kulenga kwa mchezo. Huhitaji kuwa mwanachuoni kuona kwamba katazo hilo halihusu nyama. Linahusu moyo wa anayelenga.

Na wahenga, ambao hawakuwa na maabara, walilimaliza jambo hili kwa maneno machache: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Watu huitumia methali hii kwa mambo ya siasa na mapenzi, wanasahau kwamba kwanza kabisa inamtaja nguruwe, na inakubali kwamba mkuki ni mkuki.

Wapenzi wa fasihi mtamkumbuka Adili. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, mjumbe Ikibali anaona usiku jambo linalomshangaza. Adili, mtu mwema, anawapiga manyani wawili kwa kiboko huku akilia, kisha anawahudumia kwa upole. Fumbo lote la hadithi linatokana na picha hiyo. Mtu huyu anapiga na anahurumia, sasa tumweleweje? Baadaye tunajua kwamba amelazimishwa. Manyani wale ni nduguze, na kipigo ni amri ya jini asiyeweza kumkaidi. Machozi ya Adili yana maana kwa sababu hakuwa na hiari. Sasa mwondoe jini. Mbakize Adili peke yake, na kiboko alichokinunua mwenyewe, na ratiba ya kuwapiga kila mwisho wa wiki, na machozi yaleyale na upole uleule. Je, bado tungemwita Adili?

Najua jibu litakalonijia, na ni jibu zito. Litasema: wewe unayeandika hivi, unakula samaki. Dagaa kwenye sahani yako walikufa kwa maelfu, polepole, wamebanana, hakuna aliyewapa hata dakika ya huruma. Samaki aliyekwama kwenye nyavu usiku kucha anateseka kuliko huyu wa fimbo anayeachiwa baada ya dakika kumi. Kwa nini umwandame mtu mmoja anayemrudisha samaki wake, umwache anayejaza jahazi?

Hoja hii siwezi kuikwepa, na wala sidhani kula kunasafisha kila kitu. Mtu aliyeshiba anayeagiza samaki mkubwa ili abakishe nusu yake mezani hana sababu bora kuliko mpiga picha wa Watamu. Jeremy Bentham aliandika mwaka 1789 kwamba swali juu ya wanyama si kama wanafikiri au wanasema, bali kama wanaweza kuteseka. Peter Singer akalichukua swali hilo mwaka 1975 na kulifikisha hadi jikoni kwetu. Ukilifuata bila woga, linagusa dagaa pia. Anayeishi kwa ugali na dagaa kwa sababu ndicho anachoweza kukinunua ana jibu. Sisi wengine tuna kazi ya kufanya.

Lakini bado kuna tofauti, na naweza kuionyesha kwa jaribio dogo la kufikirika. Chukulia kwamba kesho samaki wote watakuja kwenye ndoana wakiwa wamelala usingizi. Hakuna kupambana, hakuna kuruka, hakuna hofu. Unavuta mshipi, anakuja kama gogo. Mvuvi wa Kunduchi atasema Alhamdulillah. Atarudi nyumbani mapema, mikono haijachanika, watoto wamekula. Kutapatapa kwa samaki kulikuwa gharama ya kazi yake, na kama gharama imeondoka ni heri. Lakini mvuvi wa burudani atadai arudishiwe fedha zake. Yeye alilipia kutapatapa. Wasikilize wanavyosifu samaki: huyu ni mpiganaji, huyu alinisumbua saa mbili, huyu aliruka mara saba. Nguvu ya samaki kutaka kuishi ndiyo bidhaa inayouzwa.

Hapo ndipo ninapoona jambo lenyewe lilipo. Anayevua ili ale anamsababishia samaki mateso. Anayevua kwa mchezo anayahitaji. Na kumwachia baadaye hakubadilishi alichokihitaji.

Mtetezi makini atanisahihisha: hapana, sitafuti hofu yake, natafuta ustadi. Natafuta kuusoma mto, kujua upepo, kujua samaki anakula nini saa hizi, kumdanganya kiumbe mjanja. Ninamwamini. Na wapo wavuvi waliolichukulia jambo hili kwa uzito hadi wakakata ncha ya ndoana zao. Samaki anakuja, anauma chambo, mshipi unashtuka mkononi, kisha anaondoka. Wamepata ustadi wote, udanganyifu wote, furaha yote ya kujua kwamba walikuwa sahihi. Kilichokosekana ni pambano na picha. Ni wachache sana. Uchache wao unatuambia kitu, ingawa kuwepo kwao kunatuambia kitu kingine: kwamba mchezo huu unaweza kutenganishwa na maumivu, kwa anayetaka.

Hoja ya mwisho ni ya fedha na ya mazingira. Bila raha hii, wanauliza, nani angeipigania mito? Nani angelipa mabaharia vijana wa Watamu mshahara? Sulisuli aliye hai anaweza kuleta wageni mwaka hadi mwaka. Aliyekufa anauzwa mara moja. Hii ni kweli, na ajira ya kijana si kitu cha kuchezea kwenye makala. Ila tusiifanye raha kuwa mlinzi wa kuaminika kupita kiasi. Trauti walio katika mito baridi ya Mlima Kenya na Aberdare si wenyeji. Waliletwa tangu mwaka 1905 ili walowezi wapate mchezo waliouacha kwao. Na katika miaka ya 1950 sangara, au mbuta kama anavyoitwa upande wa Kenya, aliingizwa Ziwa Victoria. Sababu zilikuwa kadhaa, chakula na biashara zikiwemo, lakini miongoni mwa walioshabikia walikuwepo waliotaka samaki mkubwa wa kuvua kwa fimbo. Matokeo tunayajua. Viwanda vilikuja, minofu ikapanda ndege, na aina za furu zinazokadiriwa kufikia 200 zikatoweka au karibu zitoweke. Pengine hakuna "kuachia samaki majini" kulikobadilisha maisha ya watu wengi zaidi katika eneo letu kuliko kule. Raha inalinda inachokipenda. Visivyopendeza kwenye fimbo, kama furu, havina mtetezi.

Basi nimefika wapi? Sidhani kwamba kuachia ni kitu kimoja. Mvuvi wa Mwanza anayemtoa sangara wa chini ya sentimita 50 kwenye ndoana na kumrudisha, kwa sababu sheria inamkataza na kwa sababu mwakani atakuwa mkubwa, anafanya jambo jema, tena kwa hasara yake. Alikuwa anatafuta chakula, akapata asichostahili kuchukua, akarudisha. Huyo ananipa picha ya kuachia kama ninavyokuelewa: ni kujizuia mbele ya kitu unachokihitaji. Yule wa pili, anayekwenda majini akiwa ameshaamua kwamba hahitaji samaki, anajizuia na nini? Anarudisha alichokuwa hakitaki. Alichokitaka ameshakichukua.

Kwa hiyo sitamwita katili, maana kuna ukatili mkubwa zaidi duniani na wengi wetu tunaula mchana. Nitamwomba tu asiite kitendo kile huruma. Ni deni linalolipwa, mara nyingi nusu. Akitaka kulipa zaidi, njia zipo: atumie ndoana isiyo na mwiba, asivue kwenye kina kirefu, asimtoe samaki majini hata kidogo, aridhike na wawili badala ya ishirini. Na picha aiache. Najua ndiyo sehemu ngumu kuliko zote.

Hemingway, yule aliyevua Malindi, mwaka 1952 alichapisha The Old Man and the Sea, hadithi ya Santiago, mzee aliyekaa siku 84 bila kupata samaki. Anapompata, ni sulisuli mkubwa kuliko mtumbwi wake. Wanavutana hadi siku ya tatu, na mzee anaongea naye kama ndugu. Anampenda, na anasema hivyo. Halafu anamuua, na baadaye, papa wakiwa wanamla vipande vipande, anajihoji kama ilikuwa dhambi, kama alimuua kwa ajili ya chakula tu au kwa ajili ya fahari pia. Hapati jibu linalomtuliza. Nilipoisoma shuleni nilidhani ni kitabu cha ushujaa. Nikikisoma sasa naona mtu mwenye njaa ambaye, hata akiwa na sababu zote za dunia, bado anaona haja ya kujieleza mbele ya samaki.

Wale waliompenda Benson hawakuwa na njaa. Labda ndiyo maana ilikuwa rahisi kwao kumwachia, na labda ndiyo maana hawakuona cha kujieleza. Ningependa kusikia kutoka kwa msomaji anayevua kwa fimbo na anayeona nimekosea, hasa juu ya lile jaribio la samaki aliyelala. Mpaka hapo, nikiona picha ya mtu ameshika samaki mkubwa, chini yake pameandikwa kwamba aliachiwa salama, nitaendelea kujiuliza kile ambacho mzee wa Kunduchi angeuliza kabla yangu.